Tundu la Kumi na Moja

Jumapili, 2 Februari

Wiki ya tatu Bukoba. Kampuni imenileta kufungua duka la miwani mjini, nami nimepanga chumba na sebule Kibeta kwa mama mmoja aitwaye Kokushubila, ambaye migomba yake imefika mpaka chini ya dirisha langu. Nimefungua masanduku yote isipokuwa moja. Hilo lina koti langu la kulengea shabaha, glavu ya mkono wa kushoto na medali ya Morogoro. Sijalifungua kwa sababu sijui nitalifungulia wapi.

Jumanne, 4 Februari

Nimeuliza polisi kama mkoa huu una klabu ya shabaha. Askari wa kaunta alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu. "Dada, bunduki ya nini?" Nikamweleza: bunduki za upepo, risasi ndogo kama dengu, karatasi ya miduara, mita kumi, watu wanashindana. Akaandika jina langu na namba ya simu daftarini, kisha akasema hakuna kitu kama hicho. Kwa hiyo jina langu liko polisi na klabu sina.

Jumamosi, 8 Februari

Mteja ameniambia Buganguzi kuna vijana hodari wa manati. Nimemshukuru.

Jumatano, 12 Februari

Nilipokwisha kukata tamaa, Mama Kokushubila ndiye aliyejua. Alikuwa anamenya ndizi barazani, nami nikamlalamikia tu ili nipate kulalamika. Akasema, bila hata kuinua kichwa: "Kamachumu kuna watu wanapiga karatasi kila Jumapili baada ya misa. Karatasi imewakosea nini, sijui."

Jumapili, 16 Februari

Nimelifungua sanduku.

Gari liliniacha Muhutwe, na bodaboda aitwaye Derick akanipandisha mlima mpaka Kamachumu, akiniuliza njia nzima kama mimi ni mwanajeshi. Uwanja wenyewe ni banda la bati lililo wazi upande mmoja, nyuma ya ghala kuukuu la kahawa. Mita kumi mbele yake kuna mbao sita zilizoegemezwa kwenye ukingo wa udongo, kila ubao na karatasi yake na namba yake. Bunduki nazo ni sita. Hulala kituo cha polisi, na mwenyekiti huzitoa kwa saini kila Jumapili. Yule askari wa mjini hakuwa na habari, au hakutaka tu kunisaidia.

Mwenyekiti ni Mzee Rwegasira, mwalimu mstaafu wa michezo. Huhesabu risasi kumi kumi kwenye vizibo vya soda na kumkabidhi kila mtu kizibo chake. Wana utaratibu mmoja ambao sikuukuta Morogoro: mwamuzi wa karatasi hakuna. Mkimaliza, mnabadilishana karatasi na jirani yako. Yeye anahesabu matundu yako na kutia saini, wewe unahesabu yake. Saini ikishatiwa, basi, hakuna rufaa.

"Tunapimana wenyewe kwa wenyewe," alisema. "Kama hamuaminiani, mtasimamaje na bunduki bega kwa bega?"

Mwisho wa Mei kuna mashindano ya kanda Mwanza. Klabu itapeleka wanaume wawili na mwanamke mmoja, na atakayekwenda atachaguliwa kwa karatasi ya siku moja tu, mwezi ujao.

Niliitaja medali ya Morogoro kabla sijaulizwa. Wanawake tupo wawili. Mwenzangu ni Mama Paskazia, miaka hamsini na kitu, amevaa mabuti ya mpira na kitenge, anasimama miguu imepanuka kama walivyomfundisha JKT enzi hizo. Kazi yake ni mizani: msimu wa kahawa ukifunguliwa ndiye anayewapimia wakulima kwenye chama cha msingi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Aliniwekea buni za kutafuna kiganjani akasema, kwa heshima ya Kihaya, "Karibu waitu, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kupambana na wanaume peke yangu."

Nikamwonea huruma kwa jinsi alivyoshika bunduki. Akanishinda kwa pointi mbili. Nikasema bunduki ngeni.

Jumapili, 23 Februari

Amenishinda kwa moja. Nikasema upepo, na wakati huo hata jani la mgomba halikutikisika.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Nimelenga nikiwa nimefunga. Tumefungana, themanini na tisa kwa themanini na tisa. Mama Paskazia ameficha chupa yake ya maji nyuma ya mlango ili nisiione. Sikumwambia kwamba nimemwona.

Jumapili, 9 Machi

Amenishinda. Sitaandika kwa ngapi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa. Mlima umeteleza, Derick amegoma kupanda. Nimekaa nyumbani nasafisha medali, naona aibu kuiandika hii.

Jumapili, 23 Machi

Nataka niandike kila kitu kwa mpangilio wake, nisije kesho nikajidanganya.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua. Funga ya ishirini na mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ghala, na mvua ilipoanza kupiga bati hatukusikiana tena hata kwa kupayuka. Mimi namba tano, Mama Paskazia namba nne. Yeye ni mwepesi: alimaliza kumi zake nikiwa na tisa, akaweka bunduki chini, akarudi nyuma kufunga kitenge chake vizuri na kuongea na wanaume.

Zangu tisa zilikuwa nzuri. Nilijua ni nzuri. Nikashusha bunduki ili nipumzishe mkono, kichwa kikazunguka kidogo kwa kiu, nikafumba macho. Nikafumbua, nikainua, nikapata duara jeusi, nikatulia, nikafyatua. Kumi safi kabisa. Na kabla sijashusha mtutu nikaona kwamba karatasi niliyoipiga ina tundu chini kushoto ambalo si langu.

Nilikuwa nimepiga namba nne.

Hilo lina dawa. Mpiga shabaha yeyote limeshampata au litampata. Unainua mkono, unasema "yangu imekwenda kwa jirani," yako inahesabiwa sifuri, ya jirani inafutwa, mnachekwa, mnaendelea. Ni sentensi moja. Nikajiambia nitaisema wakati wa kubadilishana karatasi, mvua ikipungua.

Tukabadilishana. Mama Paskazia akaichukua yangu kwanza, akahesabu kwa ncha ya kalamu: tisa. Akahesabu tena. Kisha akaisogeza karibu na macho, akatabasamu. "Hili la katikati limepanuka," akasema. "Mbili zimepita tundu moja. Mwanangu, umepiga vizuri." Akaandika kumi. Akatia saini. Pointi tisini na tatu. Mzee Rwegasira akaibandika ukutani.

Nami nilikuwa nimeshika yake. Matundu kumi na moja.

Mzee akaja kuangalia, akahesabu mwenyewe. Akauliza kama inavyoulizwa sikuzote: "Nani kapiga karatasi ya mwenzake?" Akauliza namba tatu, akauliza namba tano. Namba tatu akatikisa kichwa. Mimi nami nikatikisa kichwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda ya Farida imeruka," na wote wakacheka, bingwa wa Morogoro akosee ubao. Mama Paskazia ndiye aliyecheka zaidi. Nami nikacheka.

"Nilipewa kumi," alisema Mama Paskazia.

"Ulipewa kumi," alisema Mzee Rwegasira, "nimehesabu mwenyewe, na mimi sikosei vizibo." Akawa hana budi, maana akikubali kwamba alikosea kuhesabu, kila karatasi ya siku hiyo inaanguka. Ikabaki njia moja: mama aliokota risasi ya ziada mezani. Hakuna aliyetamka hivyo. Waliangalia chini tu.

Karatasi yenye kumi na moja imekufa, ndiyo sheria. Lakini lazima jirani aandike idadi na kutia saini. Nikaandika 11. Nikaandika Farida. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha sasa.

Ninakwenda Mwanza. Nimefuturu kwa maji na sikuweza kula kitu kingine.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepima macho ya watu saba. "Soma mstari wa chini. Sasa funika jicho la kushoto."

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda. Nimemtumia Mzee ujumbe kwamba ni maandalizi ya Idi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Kokushubila ameniletea ndizi na samaki, na amewaambia majirani wote Kibeta kwamba mpangaji wake anakwenda Mwanza kuwakilisha. Wanawake wawili nisiowajua wamekuja kunipa mkono. Nimevaa gauni jipya nikawapokea. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumapili, 6 Aprili

Tulipokuwa tunapanda mlima, Derick aliniuliza: "Leo Kumi na Moja atakuwepo?"

"Nani?"

"Mama Paskazia. Si ndilo jina lake siku hizi. Juzi alinunua mandazi pale senta, muuzaji akamwambia, ukihesabu mwenyewe usizidishe." Akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

Nikamwambia anyamaze, atazame barabara. Akadhani naogopa kuanguka.

Mama Paskazia alikuwepo. Amesimama namba yake ileile, amepiga themanini na saba. Mzee Rwegasira sasa anamhesabia risasi mbele ya watu wawili. Ananyoosha kiganja, zinawekwa moja moja, kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mwanamke aliyekuwa anawapimia watu kahawa kabla mimi sijamaliza shule. Alinipa buni za kutafuna kama kawaida. Nikazitia mfukoni.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Sikwenda. Kusema kweli haikuwa kubwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka yao. Hakuna shabaha. Nimeshukuru kupita kiasi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeanza kumchukia. Naandika ili nijione. Nachukia anavyokuja kila Jumapili, mabuti yake, kitenge chake, anavyonyoosha kiganja kuhesabiwa bila kununa. Angekaa kwao ningepata nafuu. Leo amenirekebisha bega la kulia, kwa ajili ya Mwanza, akasema nikituliza pumzi mwishoni nitapata tisini na tano. Yuko sahihi. Nilijaribu, nikapata tisini na tano.

Kisha, tukiwa tunasubiri mvua ipungue, aliniambia la chama. Msimu unafunguliwa Juni. Katika mkutano mzee mmoja amesimama akasema anayeweza kuongeza risasi anaweza kupunguza kilo. Hawajamwondoa. Wamesema watafikiri. Amelieleza hilo huku anakung'uta tope kwenye buti, kama habari ya mtu mwingine.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Sijawahi kumwibia mtu hata nusu kilo."

Nikasema, "Mungu anajua." Nimesema hivyo. Kwa kinywa changu.

Jumanne, 6 Mei

Alikuja dukani.

Niliinua kichwa kutoka kwenye mashine nikamwona amesimama mlangoni na viatu vya kanisani na mwavuli unaochuruzika, ametoka Kamachumu asubuhi kwa ajili yangu. Akasema hataki upendeleo, atasubiri zamu yake. Akakaa kwenye benchi, mkoba magotini, nyuma ya watu watatu. Niliwapima wote watatu na sikumbuki hata mmoja.

Alipoketi kwenye kiti aliniambia: "Farida, mwanangu, nataka unipime vizuri. Usinifiche kitu."

Akaeleza. Tangu siku ile anahesabu kila kitu: ngazi, mikungu, shanga za rozari. Anapata idadi sahihi, lakini haiamini. Labda siku ile aliona vibaya. Labda aliokota risasi mezani akidhani ni yake na hakuiona. Chama nao wamesema akileta cheti cha macho watamfikiria.

Nikazima taa. Nikamwangalia ndani ya jicho la kulia kwa tochi, kisha la kushoto. Nyuso zetu zilikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Ni macho mazuri kuliko ya mtu yeyote niliyempima tangu nimefika mji huu. Alisoma ubao mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao huwa nauweka kwa ajili ya kujifurahisha tu.

"Mazima," nikasema. "Mazima kabisa, mama. Nitakuandikia cheti."

Nilidhani nampa zawadi. Hata nilianza kujisikia vizuri, nikitafuta muhuri, nikichagua karatasi nene. Niliposhika kalamu niliona ametulia mno.

"Basi kama si macho," akasema, "ni kichwa."

Mama yake mzazi, akasema, alianza hivyohivyo, miaka hiyohiyo. Kwanza alisahau alichopika. Baadaye alisahau watoto. Alikufa akimwita yeye Paskazia kwa jina la dada yake. "Nilikuwa naomba yawe macho," akasema. Akachukua cheti, akakikunja mara nne, akashukuru, akafungua mwavuli.

Nilimwacha aende. Nilikuwa na duka zima la maneno na nilimwacha aende. Nimefunga mapema, nimekaa nyuma ya kaunta sakafuni, nimelia kwa kujionea kinyaa. Nilikuwa nimemwibia nafasi, kisha jina, na leo nimempeleka nyumbani akiamini anapoteza akili, na muhuri nimempigia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaribu kumpigia simu. Akapokea. Nikauliza mvua ikoje huko.

Jumapili, 11 Mei

Nimesema.

Niliwaomba wasianze. Watu kumi na wawili, na Derick amekaa juu ya pikipiki yake nje ya banda. Nikasema siku ya kuchagua risasi yangu ya kumi ilikwenda namba nne. Karatasi yangu ilikuwa na matundu tisa kwa sababu nilipiga tisa. Tundu la kumi na moja la Mama Paskazia ni langu.

Mzee Rwegasira akavua miwani yake. "Ulijua lini?"

"Siku ileile. Kabla hujauliza."

"Na nilipouliza?"

"Nilijua."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Mama Paskazia alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda. Aliuliza taratibu sana: "Siku niliyokuja dukani, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniangalia ndani ya jicho na tochi."

"Ndiyo."

"Mawe," akasema, yaani mama wee kwa Kihaya, na akaongeza maneno mengine ambayo sikuyaelewa. Niliwatazama wengine. Hakuna aliyenitafsiria.

Nikasema jina langu lifutwe, nafasi ya Mwanza nampa yeye. Hapo ndipo alipokasirika. Alisimama. "Unanipa? Kitu changu unanipa? Sichukui kitu cha kupewa. Jumapili ijayo tupige upya, wewe na mimi, watu waone. Ukinishinda, nenda Mwanza. Nikikushinda, nakwenda kwa mkono wangu."

Mzee akakubali. Wakati wa kuondoka nilimsogelea. Akaniambia jambo moja tu: "Asante kwa kichwa changu. Mengine bado."

Nilijiona mwepesi njia nzima ya kurudi. Naona haya kwa wepesi huo pia.

Jumatano, 14 Mei

Mama Kokushubila amesikia. Leo hakuniletea ndizi.

Jumapili, 18 Mei

Watu walijaa. Walikuja hata wa chama, wazee wanne, wamesimama pembeni na mikono nyuma. Jua lilikuwa linawaka, majani yamekauka, hakuna ukungu wa kusingizia. Mzee alihesabu risasi kwa sauti, kumi kwake, kumi kwangu.

Nilikuja kupiga kwa haki, naapa. Lakini mkono haukutulia. Nilimsikia akifyatua pembeni yangu, tu, tu, bila haraka, na kila nilipoinua mtutu nilikuwa naona jicho lake kwenye mwanga wa tochi. Nane za kwanza zilikwenda hovyo: nane, tisa, nane, saba. Zikabaki mbili.

Hapo likanijia wazo, nami nililiona zuri. Nikajiambia: mpe. Akishinda leo deni limekwisha. Usihatarishe. Nikahamisha shabaha mpaka pembeni kabisa, juu kulia, kwenye weupe ambako hakuna duara, nikafyatua. Na mkono, uliokuwa unatetemeka mchana kutwa, ukatulia. Nikafyatua ya pili papo hapo.

Tukabadilishana karatasi. Yake ilikuwa na matundu kumi, tisini na moja. Nikaandika, nikatia saini. Yeye aliishika yangu muda mrefu. Matundu manane yametawanyika, na mawili pembeni yameshikana kama pacha. Akaandika 68. Kisha akaiinua watu waione, kwa sababu ndiyo sheria.

Watu wakapiga makofi. Ilinichukua muda kidogo kufahamu kwamba wananipigia mimi.

Akanisogelea, karatasi mkononi. Sauti ilikuwa ya chini. "Farida, hata kukosa unakosa kwa shabaha." Akaniwekea kidole kwenye yale mawili. "Hizi nane ni sitini na nane. Ungepiga kumi na kumi, themanini na nane. Mimi nina tisini na moja. Nilikuwa nimekushinda, mwanangu. Nilikuwa nimeshakushinda kwa tatu, na wewe hujui. Sasa nani ataamini?"

 

Jumanne, 20 Mei

Derick alikuwa Bukoba kununua tairi, akapita dukani kunisalimu. Ana furaha na mimi.

"Dada, kule mlimani unasifiwa. Wanasema hajawahi kuonekana muungwana kama wewe. Umejipiga pembeni ili mama apate safari."

"Alikuwa amenishinda tayari. Kwa tatu. Karatasi ipo, jumlisha."

"Ndiyo, ndiyo." Anacheka. "Na ile ya kusema risasi ilikuwa yako. Hiyo nayo. Wazee wa chama wamesema: mtu anayeweza kujikosesha mbele ya halaiki ili mama ashinde, atashindwa kusema uongo mdogo kumwokolea kazi? Wamekupenda sana."

Nilimshika mkono. Nikamwambia, Derick, haikuwa uongo, risasi ilikuwa yangu, nilinyamaza wiki saba. Akanipigapiga begani, akasema moyo kama huo watu hawana siku hizi.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Rwegasira nyumbani. Nimemwomba aende chama, aseme.

"Mimi nakuamini," akasema. "Nakuamini kwa sababu vizibo nilihesabu mwenyewe. Lakini nikisema hivyo, watasema natetea hesabu yangu." Kisha akasema, bila ukali: "Ulikuwa na ukweli mzuri, Farida. Ungeuacha peke yake ungetosha."

Jumapili, 1 Juni

Mama Paskazia amekuwa wa tatu Mwanza. Mzee ametuma picha. Kitenge kipya, mabuti yaleyale, hatabasamu.

Nimemwandikia pongezi. Amejibu: Asante.

Jumatano, 11 Juni

Leo chama kimefungua mizani. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda Kamachumu na nakala ya karatasi zote nne kwenye bahasha, mbili za Machi na mbili za Mei. Nilikuwa nimepanga kusema mbele ya wote, kwa hesabu, polepole, ili hata mtoto aelewe.

Nilisema. Nilisimama karibu na mizani nikasema kila kitu: namba nne, namba tano, tundu la kumi na moja, wiki saba, tochi, zile mbili za pembeni. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza mzee mmoja wa chama, yuleyule wa kilo, alinishika mkono kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akawageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili ili nami nielewe: "Mnaona? Hata leo bado anamtetea." Wanawake wawili wakaitikia amina. Mmoja akaniletea kiti.

Nikakaa. Kwenye mizani alikuwa kijana mgeni, shati jeupe, kalamu sikioni. Foleni ilikuwa ndefu, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Wa saba kutoka mbele alikuwa Mama Paskazia, ameegemea gunia lake, anasubiri kupimiwa.